Sekunde Kumi na Moja

Filamu yangu ina dakika saba tu,
na dakika nne kati ya hizo ni mikono:
mikono ya bibi yangu Ravdna ikichambua nyasi,
nyasi za kinamasi zilizokatwa Agosti,
zikapondwa kwa rungu, zikasokotwa kama ukili,
zikangoja baridi zikiwa zimetundikwa ukutani.

Anazishindilia ndani ya kiatu cha ngozi ya kulungu.
Hana haraka. Kidole gumba kinatafuta kisigino
kama mtu anayepapasa uso wa mtoto gizani.
"Soksi ni za watu wa dukani," anasema.
Hayo ndiyo maneno yake pekee mtakayoyasikia.

Nilimwomba zaidi. Nilimbembeleza siku tatu.
Nikaegemeza kamera juu ya gunia la unga,
nikamtilia jibini kwenye kahawa, apendavyo,
nikauliza: bibi, bwenini mlikuwa mkiishije?
Akatazama dirishani, mto Tana umeganda hadi ng'ambo,
upande wa pili ni Ufini,
akasema mbwa hajala.

Usiku wa tatu nilizima taa, nikazima kamera.
Maikrofoni niliisahau.
(Nasema niliisahau. Mjomba Máhtte haniamini,
nami sijiamini sana.)
Akaanza kusema, kwa lugha aliyochapwa kwa ajili yake,
hasemi nami, anasema na kile kiatu:
matroni alivyozing'oa nyasi viatuni mwao
akazitupa motoni, akiziita uchafu wa Wasami;
mdogo wake alivyotembea Februari nzima na miguu mibichi;
homa; kitanda kilichotandikwa upya kabla ya chai.
Kisha jina la huyo mdogo wake,
lile lililo kwenye cheti changu, la pili,
ambalo hakuna aliyewahi kuniita.

Mtu wa fedha, kule Oslo, alisikiliza akavua miwani.
"Hapa ndipo ilipo filamu," akasema. "Mikono punguza."
Nami karibu nikubali. Kweli, karibu.
Nilirudi kilomita zote zile na vipokea sauti,
nikamvika bibi juu ya kitambaa chake cha kichwa.
Alijisikiliza mpaka mwisho, hakutikisika.
"Wape nyasi," akasema. "Huyo tuachie."

Basi nimekata. Picha na sauti, vyote,
nikaacha giza pale, lenye urefu sawasawa
na jina lile na pumzi iliyolifuata.

Tamasha letu halina ukumbi. Vijana walichonga
ukuta wa theluji kwa sepetu, wakaunyoosha,
na watu wakakaa juu ya pikipiki za theluji
wakijifunika ngozi, nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri.
Giza lilipoingia walikohoa.
Mmoja akapiga kelele, mashine imekufa!
Fundi akaigonga ubavuni, maskini, akaigonga tena.

Mimi sikutazama ukuta. Nilimtazama bibi
kwenye kiti cha mbele, kati ya Máhtte na yule mbwa.
Mvuke ukamtoka mdomoni. Ukatulia.
Ukamtoka tena, mdogo zaidi.
Silabi mbili.

Kisha mikono ikarudi ukutani, mikubwa kama milango,
ikaokota nyasi pale ilipoziacha.