Mguu Si Huo

Soko la mahindi Kibaigwa hutupa karatasi
kama linavyotupa pumba.
Kila jioni naokota vishina vya risiti za mizani:
upande mmoja kilo za watu,
upande wa pili mweupe, wangu.

Meza yangu ni kioo cha dirisha lililong'olewa,
juu ya matofali mawili,
chini yake tochi ya elfu mbili.
Simu naichomeka kwenye kopo la mchanga
isitikisike upepo ukija.
Penseli ni ya Sechelela,
tumekubaliana nimrudishie kipisi.

Somo nalishusha saa nane za usiku, bando likiwa rahisi.
Mwalimu anasema lugha nisiyoijua.
Nazima sauti, natazama mikono yake:
mpira unashuka, unabonyea, unapaa.
Nikachora mpira siku tisa.
Wa kwanza ulianguka kama jiwe.
Wa sita, kama chapati.
Wa tisa, mdogo wangu alinyoosha mkono audake.

Ndipo nikataka mtu.
Nikamtaka Baba Mdogo Ndahani
anavyovuka ua na ndoo,
bega moja likiuliza, jingine likijibu,
tangu gunia lile limwangukie ghalani.
Niliona haya kumwomba atembee nimrekodi.
Nikajirekodi mwenyewe, kwa kamera ya mbele,
nikichechemea na ndoo tupu
hadi kuku wakasimama.

Picha kumi na mbili kwa sekunde.
Sekunde nne.
Vishina arobaini na vinane, wiki tatu,
na betri mbili za tochi nilizokopa dukani.

Nikamwonyesha. Akavaa miwani.
Mara ya kwanza alitazama kimya.
Mara ya pili akaisogeza simu mbali na uso,
kama anayesoma barua ya serikali.
"Mguu si huo," akasema.
"Unaouma ni wa kushoto."

Kamera ya mbele ni kioo. Hugeuza.
Mimi nikakaa chini, nikihesabu wiki.
Yeye akaokota kishina cha juu,
akakilaza kifudifudi juu ya kioo, akawasha tochi:
mistari ikapenya,
na katikati ya kilo za watu wengine
mguu wake ukarudi kuwa wake.

"Nakili hivyo hivyo," akasema, akiinuka kwa shida.
"Lakini ndoo yako haina kitu ndani,
hata kipofu ataona.
Kesho nitatembea mwenyewe.
Ijaze."