Ghala la Pili

Ghala la kwanza lina panya, na harufu
ya kahawa ambayo haijavuliwa ngozi.
Limeegemea njia ya reli ya zamani, Wanale ukilitazama,
na ufunguo wake anao Wobusobozi,
ameuvaa shingoni kama hirizi.

Ghala la pili halina mlango.
Limo katika sanduku jeusi linalohema juu ya meza yangu,
na ufunguo wake ninao mimi:
herufi kumi na mbili
ambazo hata mume wangu hazijui.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Sawa. Ila hawakutuambia la kufanya
daftari zikiwa arobaini na moja,
kila kituo na lake, kila karani na mwandiko wake.
Bushika wanahesabu kwa kilo.
Bumayoka kwa debe, na debe lenyewe limebonyea.
Buluganya waliandika kwa penseli, paa likavuja.

Basi nachota, nasafisha, napakia.
Saa nane za usiku, umeme ukiwa na huruma.
Takwimu nazo zina maganda;
usipoziosha, zitavunda ndani ya gunia.

Nandudu Zerida.
Z. Nandudu.
Mama Zerida wa juu ya mto, simu ni ile ile.
Wanawake watatu, mgongo mmoja.
Nikawakunja wakawa yeye.

Safu ya kuzaliwa ndiyo iliyonitoa jasho.
"Mwaka wa nzige."
"Kaka yake alipotahiriwa, mvua ya mawe ikanyesha."
Mashine haielewi nzige, inataka siku na mwezi,
nikawapa watu mia sita tarehe mosi Januari.
Meneja akaitazama grafu, mnara mmoja katikati ya uwanda,
akavua miwani: "Hawa wazazi wao,
kila Aprili walikosa kazi ya kufanya?"

Kisha, Jumanne moja, alama nyekundu.
Mkulima 2207, Wamimbi Yokana, Bumayoka.
Amefariki Oktoba, mlima uliposhuka.
Ameleta kahawa Novemba.
Ameleta Desemba, kilo sitini na nne, daraja la kwanza.

Ssekitto, mkaguzi kutoka Kampala, hakuinua hata kichwa:
"Mzimu hauuzi kahawa. Futa."

Kidole kilikuwa juu ya kitufe.
Nikakitoa, nikapiga simu.
Upepo kwanza. Kisha sauti ya mwanamke:
"Ni mimi, Khainza, mke wa mwanawe.
Nyumba ilikwenda, na waliokuwemo.
Mibuni ya upande wa juu wa ufa ilibaki.
Nikiandika jina langu, ile miaka yake ya daraja la kwanza
itakuja nami, au nitaanza kama mgeni?"

Sikuwa na jibu. Nilisikia mbuzi nyuma yake.

Walitufundisha mara moja, siku mbili hotelini,
na baada ya chakula cha mchana nilisinzia,
lakini hili halikunipita:
mambo yakigeuka, usiufute mstari wa zamani.
Ufunge kwa tarehe.
Fungua mwingine chini yake,
kisha pitisha uzi kutoka huu hadi ule,
ili atakayeuliza mwakani, kahawa hii ni ya nani,
ajibiwe: inategemea unauliza ya lini.

Nikaandika.
Wamimbi Yokana: tangu msimu wake wa kwanza
hadi Oktoba, siku ile ya tope.
Khainza Esereda: kuanzia kesho yake,
shamba lile lile, daraja lile lile.

Ssekitto alisoma, akakuna kidevu, akatia sahihi
kama mtu anayelipa deni lisilo lake.
Nje Wobusobozi alikuwa akigombana na mizani:
gunia moja limezidi, hajui limetoka wapi.

Ilibaki safu moja, ya mwisho wa Khainza.
Mashine haikubali pengo.
Asiye na mwisho huwekewa siku ya mbali kuliko zote,
nami nikaichapa polepole, tarakimu kwa tarakimu:
tarehe thelathini na moja, Desemba,
mwaka elfu tisa mia tisa tisini na tisa.

Ndivyo sanduku langu linavyosema:
bado yupo.