Sauti Nyembamba

Saa nane usiku, wodi ya watoto, Kongwa.
Upepo unalitikisa bati kama mtu aliyesahau ufunguo.
Nimeandika kwenye faili la kitanda cha saba,
kalamu ya bluu, mwandiko wa kusomeka:
Nyemo Chilongani, miaka mitatu.
Joto thelathini na tisa nukta nne. Dawa ya malaria imeanza.
Mama anasema mtoto analia kwa sauti nyembamba, si yake.

Si yake.
Alisema kwanza kwa Kigogo, kisha kwa Kiswahili,
kama anayeomba radhi.
Fomu haikuwa na kisanduku cha maneno hayo,
nikayapachika pembeni, yakalala ubavu
kama mgeni aliyekosa mkeka.

Simu nilikuwa nayo mfukoni, Daktari Mwakalobo,
na namba yako naijua kwa kichwa.
Lakini nilikuwa pia na Jumanne ile
uliponijibu, "Sista, umeniamsha kwa ajili ya hilo?"
Na hilo lilikuwa dogo kweli.
Kesho yake ukalisimulia mbele ya wanafunzi,
wakacheka, nami nikacheka nao,
ningeuweka wapi uso?

Tangu hapo kidole changu kikifika kwenye jina lako
kinapita.

Nikapima joto tena. Nikalowesha kitambaa.
Nikamwambia mama, "Tusubiri raundi."
Akaitikia, "Haya," mama wa Hogoro,
ambaye hata mvua humjia ikitaka yenyewe.

Raundi ikaja saa tatu.
Ulisoma katikati ya karatasi, penye namba;
pembeni hukufika.
Nilisimama nyuma yako na trei,
neno limenijaa mdomoni kama uji wa moto,
kulimeza siwezi, kulitema naona haya.
Saa sita mchana shingo ya Nyemo ikakakamaa.
Ndipo ukamchoma sindano ya mgongo,
na maji yaliyotoka yalikuwa na ukungu,
kama maji yaliyooshewa mchele.

Hakufa. Niseme mapema,
maana najua kaburi ndilo linalotafutwa.
Homa ilishuka, akala ugali wa mtama na mlenda,
akatembea akishika vitanda, kimoja baada ya kingine.
Siku ya ruhusa beseni la chuma likaniponyoka.
Wodi nzima ilishtuka.
Yeye aliendelea kufungua kamba ya kiatu.

Kutoka saa nane usiku hadi saa sita mchana
ni saa kumi.
Sijui ngapi ni zangu, ngapi zako.
Kitabu cha zamu hakigawanyi hivyo.

Wiki mbili hatukusema ila "hamjambo" ya mlangoni.
Kisha jioni moja ukanikuta naosha vikombe,
ukachukua kitambaa ukaanza kukausha, vibaya,
ukasema ukikitazama kikombe:
"Yale ya pembeni niliyaona. Baadaye."
Nikasema: "Simu nilikuwa nayo."
Hayo tu. Vikombe vilikuwa sita.

Siku hizi kabla ya kushika faili unauliza,
"Usiku umeona nini?"
Mara nyingine sina kitu, na unangoja hadi niseme sina.
Nimekuamsha mara tano. Mara mbili ulifoka.
Zote tano ulikuja, shati limegeuzwa ndani nje.

Nyemo huletwa kliniki kila mwezi.
Ukizungumza naye umeinama, kwake haupo.
Hukushika kidevu kwa vidole vyenye mafuta ya karanga,
akakigeuza taratibu
mpaka midomo yako imwelekee.
Juzi ulikuwa unaniagiza dozi ya mtoto mwingine,
macho kwenye karatasi, sauti imeingia kwenye kola.
Akakushika.
Ukanyamaza, kalamu hewani,
na dozi ikabaki nusu.

Nikaiuliza tena, kwa sauti.