Jina Limechukuliwa

Mwakio, mpwa wangu, ameketi juu ya kochi la mteja
ambalo nimemkataza mara tatu asilikalie.
Shangazi, asema, bila jina huko mtandaoni
wewe ni mbao na misumari tu kando ya Barabara ya Ngong.
Watu hawanunui kochi. Wananunua chapa.

Chapa. Neno hilo nalijua:
mwalimu wa hesabu kule Wundanyi alinichapa,
mvua ya Aprili hunichapia sponji nikichelewa na nailoni,
na leo, na miaka yangu thelathini na sita,
natakiwa nijichape mwenyewe
jina mgongoni, kama gunia la mchele.

Wahenga walikuwa na soko dogo:
kizuri chajiuza, wakasema. Hapa Dagoretti Corner
kizuri kimekaa vumbini tangu Jumanne,
kina miguu minne na hakijapiga hatua,
na kibaya, cha jirani, kimepigwa picha chini ya taa
kikaenda Kilimani kwa elfu sitini.

Haya basi. Andika: Mghoi.
Limechukuliwa.
Mghoi na kistari cha chini.
Limechukuliwa.
Mghoi Makochi lipo huru, ila Mwakio akunja uso:
linasikika kama mtu anayedaiwa kodi.
Malkia wa Sponji? Nilicheka hadi stepla ikaniponyoka.
Velveti Nairobi? Hilo silo jina, ni harufu ya duka.

Tukaliacha jina, tukaenda kwenye maelezo.
Nikamwambia anipishe, haya nayaweza,
bibi yangu alipanga vina akichambua mboga:

    Kochi lako limezama, lete kwangu nilitibu,
    Miguu inayogoma, mbao zilizo na tabu,
    Nashona mbele na nyuma, kwa bei ya taratibu,
    Utaketi kwa heshima, useme: hodi? karibu!

Simu ikajibu: herufi zimezidi.
Mwakio akakata kwa kidole kimoja,
kama anayepangusa makombo mezani:
Makochi. Dagoretti. Piga.

Usiku nikamtafuta huyo aliyekalia jina langu.
Ni msichana. Picha moja tu.
Yuko kwenye kochi jekundu ndani ya duka la Westlands,
miwani ya kuazima, bei ameificha kwa kiwiko.
Chini ameandika: Mkurugenzi.

Namjua.
Alikuwa akipiga deki duka lile.
Ndoo yake iko nje ya picha, upande wa kushoto.

Nywila nimeisahau. Laini niliitupa
mwaka ule wa kuwakimbia wadai.
Nikaipiga namba; akapokea mzee wa Nyamira, Ombese, muuza ndizi,
akasema, Kumbe ni wewe! Watu wa madeni yako
walinisumbua mwaka mzima.
Nikamwomba radhi. Nikamwomba na la pili:
ujumbe ukiingia, nisomee.
Nilimsikia akitafuta miwani, akimuuliza mkewe.
Nne. Sifuri. Saba. Saba tena.
Hii ni moja, au ni ufa wa kioo? Ni moja. Tisa.

Mlango ukafunguka.
Ningemfuta msichana kwa mguso mmoja, nibaki na jina.
Kidole kilikuwa tayari, bado kina gundi.

Lakini palikuwa na ujumbe wa miaka kumi na mmoja,
haujasomwa:
Mghoi, ni wewe? Mimi Mkamburi, tulilala bweni moja.
Nimeona umekuwa mkurugenzi.
Mimi nina cherehani mbili na sina jina.
Utanipa kazi?

Asubuhi Mwakio atauliza tumefika wapi na chapa.
Saa sita usiku, stima imepotea,
mwanga ni huu wa simu tu, asilimia nne.

Nikaandika: Ni mimi.
Nikafuta.
Nikaandika tena.