K Iliyovunjika Mguu

Kitabu nimekinunua chini, juu ya turubai,
Barabara ya Digo, karibu na Marikiti,
kati ya mwongozo wa pikipiki na kalenda ya mwaka juzi.
Hakina jalada. Kurasa za mwisho zimeng'oka.
"Cha Kirusi hicho, mzee," akasema kijana,
"chukua kwa hamsini, hakina mwenyewe."

Theluji sijapata kuiona
ila ile inayokwanguliwa kwenye majokofu ya samaki.
Lakini chumba kile nakijua:
vijana, mshumaa, chai iliyopoa,
na mmoja aliyerudi kutoka ng'ambo
akisema, hamjui tu tulivyo wengi.

Chetu kilikuwa Kibokoni, orofa ya pili, juu ya fundi saa.
Mimi, karani wa forodha, ndiye niliyeleta taipureta.
Niliipata kwa bei ya chuma chakavu
kwa kuwa K yake ilivunjika mguu.
Chengo Nyiro, kuli wa Kilindini,
aliipandisha begani ngazi thelathini na moja
wala hakutweta.
Kati yetu yeye peke yake ndiye aliyekuwa mfanyakazi.
Sisi wanne tulikuwa tukimpenda mfanyakazi.

Famau alikuwa mtoto wa mkaguzi wa shule,
baba aliyehubiri uhuru kila alasiri
kwa kahawa na tende, bila kumwaga tone.
Mtoto aliyameza maneno yote,
akaitema haya pamoja na kokwa.
"Mji huu," akatwambia, "umejaa watano watano:
Changamwe, Majengo, Mtongwe.
Kamati Kuu inatutazama."
Tukanyoosha migongo.
Miaka mingi baadaye nilikaa nikahesabu.
Tulikuwa watano.

Fedha za mgomo zilichangwa bandarini, shilingi kwa shilingi,
ndani ya kopo la maziwa ya unga.
Chengo ndiye aliyeuliza kopo liko wapi.
Aliuliza mara moja tu, kwa adabu, kofia mkononi.

Usiku ule Famau akatamka, mimi nikapiga chapa:
*Kikulacho ki nguoni mwetu. Komredi C. N. ni kibaraka.*
Nilijua ni uongo.
Nilijua kama nijuavyo mlango wa kwetu gizani.
Lakini sentensi ilikuwa nzuri, ina mizani,
na vidole vyangu vilikuwa vikiona raha.
Nakala themanini.
Nikarekebisha hata nukta.

Siku ya tatu akaja dirishani pa ofisi,
akailaza karatasi juu ya daftari langu la ushuru.
"Kusoma kwangu ni kwa kukwama," akasema,
"lakini hii K naijua.
Niliibeba."
Sikumjibu. Nikampigia muhuri mtu wa nyuma yake.

Huko gatini hakupatikana tena wa kumshikia
ncha ya pili ya gunia.
Mwezi haujafa, mamake akashuka kutoka Kaloleni,
anauliza mlango kwa mlango, mikono kichwani,
na jibu lililokuwa relini, pale Makupa,
hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumpa.

Famau leo ana magodauni matatu Shimanzi.
Akiniona njiani hushusha kioo cha gari,
huinua ngumi kwa mzaha, kama zamani.
Nami huinua yangu. Naandika hili pia.
Huinua yangu.

Kitabu cha Mrusi kinakatika katikati ya sentensi.
Mwisho wake sitautafuta.
Jana usiku niliivuta mashine kutoka mvunguni,
nikaipuliza vumbi, nikachomeka karatasi.
*Kosa* likaja likichechemea.
*Kweli* ikaja nayo inachechemea,
mtu asingeweza kuzitofautisha kwa mwendo.
Kisha jina lake, herufi kwa herufi, polepole,
*Chengo Nyiro*,
lisilo na K hata moja,
likatoka zima.