Friji la Mama Zawena

Umeme umekatika Tabata tangu saa nane.
Nimevuka uchochoro na hotipoti ya harusi yangu,
sindano tano ndani, kila moja mshahara wa wiki.
Mama Zawena ana jenereta.
Hana maswali.

Anasogeza barafu changa za ubuyu,
za ukwaju, zisizoganda bado,
anazipatia dawa zangu pembe.
“Zisigande,” namwambia, “ziwe baridi tu.”
“Kama maziwa ya mtoto,” anasema,
kisha anajiuma ulimi.

Usiku Mwinjuma anahesabu, moja hadi kumi;
kafumba macho yeye, nachoma mimi.
Tumbo lina madoa rangi ya zambarau.
Mwezi uliopita damu ilikuja Alhamisi.
Nikaloweka shuka, nikaenda kazini.

Kesho yake nafuata sindano ya pili.
Juu ya kifuniko kaandika kwa makapeni,
watoto wasije wakachokonoa:
YA MAMA
na baada ya hapo kaacha nafasi,
kama kwenye fomu.

Watoto wamepanga foleni, shilingi mia mia viganjani.
Nasimama nyuma yao.
Wa mbele yangu anageuka:
“Na wewe unataka ya ukwaju?”