Kundi la Maswali Tu

Barabara ya Nane, Ngamiani, mlango wa bati la bluu,
ndipo ninaponyoosha magurudumu ya watu.
Mitaa yetu ina namba badala ya majina,
kwa hiyo sikushangaa kule Bombo waliponipa yangu:
Mshiriki 0117. Singano wakalifungia kabatini.

Daktari alisema ukweli mapema, nikampenda kwa hilo:
"Hatujui kama inasaidia. Ndiyo maana tunajaribu."
Nikasaini ridhaa kwa mkono wenye grisi,
doa liko mpaka leo pembeni ya neno "hiari".

Kompyuta ikapiga kura.
Kundi la kwanza walipata masomo ndani ya simu:
namna ya kuvuta pumzi, orodha ya majina ya kukimbilia,
sauti ya mwanamke inayosema subiri kwanza, dakika kumi tu.
Mimi nikaangukia kundi la maswali tu.
MB za bure, na swali moja, kila usiku saa tatu:

Leo, wazo la kutaka kufa limekuja?
Halikuja.
Limekuja, likapita.
Limekuja, likakaa.

Aliyeandika hivyo anamjua mgeni huyo.
Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe.
Wangu ana mwaka wa tatu, tangu Mwanaidi azikwe;
nimempa jembe, nimempa spana, nimempa hata ufunguo wa nyumba.
Halimi, hatengenezi, haondoki.
Anakaa tu kwenye kigoda cha wateja
akinitazama nikila.

Nikawa nabonyeza la pili. Likapita.
Kwa adabu, kama unavyojibu "njema" mtu akikuuliza habari
huku nyumba inavuja.
Tanga tunasifika kwa maneno laini.
Ulaini huo umeficha mengi.

Wiki ya saba, sijui kilichoniingia.
Nilibonyeza la tatu.

Haikupita robo saa simu ikaita.
Si ujumbe. Iliita kabisa, ikitetemeka juu ya boksi la mipira.
"Ni Mwanamkasi, wa Bombo. Kuna karatasi natakiwa nisome, baba,
maswali manane, univumilie."
Akasoma matatu. Nikajibu matatu, kweli tupu.
Uko na nani? Peke yangu.
Kaka yako wa Pongwe, nimpigie? Mpigie.
Halafu karatasi ikanyamaza, nikamsikia anapumua.
"Mbele yako kuna nini?"
Gurudumu, nikasema. La mwalimu Shekue. Limepinda kama chapati.
"Linanyooshwaje?"

Nikamweleza. Huvuti spoki moja kwa hasira,
rimu itakukimbilia upande wa pili.
Robo mzunguko hapa. Robo kule. Zungusha. Tazama.
Tena.
"Zungusha nisikie."
Nikaweka simu sakafuni.
Tik, tik, tik, linagusa.
Tik.
Linagusa kidogo.

Saa sita kaka akagonga bati, shati kalivaa kinyume.
Hakuuliza kitu. Aliingia, akaketi kwenye kigoda.
Kile kile.

Wiki ya kumi na mbili wakafunga.
Nafasi ya maoni: herufi mia moja na sitini.
Ubeti mmoja unaingia, ukijibana:

Mliniuliza hali, kila siku saa tatu,
Nami sikusema kweli, nilijibu kama watu,
Nikabonyeza la pili, moyo umejaa kutu,
Ila sasa nathubutu, andikeni neno hili.

Sasa wanahesabu. Mwanamkasi anasema majibu bado,
na ikionekana masomo yale hayakufaa kitu
wataandika hivyo hivyo.
Vizuri. Nami msiniandike aliyepona.
Kuna usiku mgeni yuko mlangoni, naviona viatu vyake.

Jana, saa tatu.
Utafiti umekwisha, MB zimekwisha, simu kimya.
Nikajibu.